Kodi ya Unga na Mkono wa Jirani

Nianze na jambo la aibu, lisije likanisumbua huko mbele. Niliwahi kupima kwa mizani unga ambao mwanamke mwingine aliwapa wateja wake bure. Niliandika uzito wake kwenye karatasi, nikaikunja mara nne, nikatembea nayo kwenye mfuko wa aproni siku tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona mtu wa haki.

Meza ilikuwa ya Mama. Iko soko la Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, upande wa nafaka, katika kijia ambacho watu wawili wenye mizigo hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Mama alipougua niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, nikaja kukaa hapo nikisema ni kwa muhula mmoja. Tulipomaliza kumzika nilikuwa nimebaki na meza, mizani, mashine ya risiti, na mteja mmoja mkubwa. Mashine Mama aliichukua kwa sababu kuna shule iliyonunua posho ya wanafunzi kwake ikataka risiti zenye TVA, kodi ya mauzo. Shule ile iliacha kununua kwetu, mashine ikabaki.

Mengine yote nilijifundisha. Nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba kitabu cha hesabu za biashara, cha Kifaransa, kisicho na jalada, nikakisoma kati ya mteja na mteja na kamusi magotini. Hata Kiswahili hiki cha kuandikia si cha nyumbani kwetu. Nyumbani tunasema *bunga*, na nilikuwa nimekua nilipojua kwamba vitabuni ni *unga*. Mtu aliyejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia basi, inatosha. Kwa hiyo nilikuwa nasahihisha mpaka karatasi inatoboka. Magunia yangu yalipangwa mishono ikiangalia upande mmoja. Nilifuta sahani ya mizani kila baada ya mteja, na wateja wengine walidhani nawadharau.

Mteja mkubwa niliyemtaja alikuwa Maman kutoka Bukavu. Sijui kama nilimwita kwa neno jingine lolote. Alivuka mpaka kila Jumanne na kila Ijumaa, akachukua kilo ishirini na tano za unga wa mahindi, akateremka nao kwa moto, pikipiki ya abiria, hadi mpakani, kisha akavuka kwa miguu, mzigo mgongoni na kamba ya kubebea ikimpita kwenye paji la uso. Alinunua kwa Mama tangu mimi niko tumboni, ndivyo alivyosema. Aliniita *mutoto ya mwenzangu*. Alikuwa mtu pekee pale sokoni aliyenitaja kwa kumtaja Mama, na kila alipofanya hivyo nilihisi kwamba meza ile bado ina mwenyewe. Nikimpoteza yeye, nilijiambia, nitakuwa nimebaki na mbao.

Na mbele yangu, ng'ambo ya kijia, alikaa jirani yangu.

Tulilingana umri. Alitoka familia ya Waislamu wa hapo hapo Kamembe. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu bila kitabu chochote. Alikuwa na mikono mikubwa. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ndiyo niliyoitazama zaidi. Alipofungua gunia alilipasua mshono kwa mvuto mmoja, mimi nikiwa bado natafuta wembe. Alicheka na watu akiwa anapima, jambo ambalo mimi sikuliweza, maana nikicheka nakosea. Watu walisimama kwake hata wakiwa hawana la kununua. Nilimwonea wivu kabla ya mambo ya kodi, nisiisingizie kodi.

Mwaka ule redio ilitangaza kwamba serikali imeondoa TVA kwenye unga wa mahindi. Nilisikia asubuhi nikiwa nakunywa chai. Nilikiacha kikombe, nikachukua kalamu.

Bei ya kilo ilikuwa faranga elfu moja, kodi ikiwa ndani. Sokoni wote walijua kwamba TVA ni kumi na nane kwa mia. Nilipofika, wauzaji na wateja walikuwa wameshafanya hesabu yao: elfu moja, toa mia na themanini, zinabaki mia nane na ishirini. Si hivyo. Kodi haikuhesabiwa juu ya elfu, ilihesabiwa juu ya bei iliyokuwepo kabla yake, ndipo vyote viwili vikafika elfu. Ukitaka kuitoa unagawa kwa moja nukta moja nane, hutoi. Jibu ni mia nane arobaini na saba na kitu. Nilijua hilo kwa sababu ya kitabu kisicho na jalada, na nilifurahi kwa namna isiyo nzuri, kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba ambayo wenzake wanaivunja mlango.

Magunia matatu niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyanunua kabla ya tangazo. Mtu mwenye akili angeyauza kwanza kwa bei ya zamani. Mimi nilishusha siku ile ile. Haukuwa wema. Nilitaka kuwa wa kwanza, na nilitaka jirani yangu anione nikiwa wa kwanza.

Mia nane arobaini na saba hailipiki, kwa kuwa faranga mojamoja watu walishazisahau. Ilibidi nichague mia nane na hamsini, ambayo ingeniachia faranga mbili na nusu zisizo zangu, au mia nane arobaini na tano. Nilichagua arobaini na tano. Tano zenyewe zilikuwa adimu, nikaenda kumwomba mzee anayehesabu sadaka parokiani, akanipa mfuko mdogo wa sarafu za tano huku akiniuliza kama naenda kucheza nazo. Nikachukua kipande cha katoni, nikaandika kwa kalamu nene: UNGA KILO 845. TVA IMETOKA. Nilikiandika mara tatu, maana mara ya kwanza herufi zilipanda na mara ya pili zilishuka.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee kutoka Mururu. Alikisoma kibao polepole.

"Redio imesema kumi na nane," akasema. "Ishirini na tano zingine umezila wewe?"

"Mzee, haiko hivyo. Kodi inahesabiwa juu ya bei isiyo na kodi. Ukichukua elfu ukagawa..."

"Mimi sikuja kugawa, nimekuja kununua."

"Nakuonyesha tu. Tazama hapa."

Nilimgeuzia karatasi. Aliitazama kwa heshima, kama watu wanavyotazama picha ya maiti ya mtu wasiyemjua, kisha akavuka kijia.

Jirani yangu hakuwa ameandika chochote. Bei yake ilikuwa elfu moja, ile ile ya jana. Alimpimia mzee kilo moja, akasubiri sahani itulie, akaufunga mkono wake mkubwa ndani ya gunia na kuutoa umejaa, akaumwaga juu ya kilo ya mzee.

"Hiyo ya redio, babu," akasema. "Serikali imekupa matabishi."

Mzee alicheka. Matabishi kwetu ni kile kinachokuja juu ya ulichonunua: nyanya ya tano ukinunua nne, kijiko cha mwisho cha maharage. Hakuna asiyeijua na hakuna anayeipima. Mzee aliondoka na kilo yake na konzi yake, na sijui kama aliwahi kujiuliza kodi iliyobaki ilikwenda wapi. Nilimsikia akimwambia mwenzake njiani kwamba yule binti ana roho nzuri.

Mpaka saa sita kijia kilikuwa kimeelemea upande wake. Niliuza kwa watu wawili. Mmoja alikuwa mwalimu, akaniambia hesabu yangu ni sahihi. Nilikaa na sifa hiyo siku nzima kama mtu aliyepewa kiatu kimoja.

Wivu nilikuwa nimeshauzoea, lakini huu ulikuwa na kitu kipya ndani yake, maana safari hii mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Ukimwonea mtu wivu kwa uzuri wake, unajua kosa ni lako. Ukimwonea wivu naye anakosea, unajiita mtetezi. Nilianza kuhesabu konzi zake. Nilihesabu nikiwa nimeinama kama ninayefuta mizani. Kuna wateja aliowapa moja na kuna aliowapa mbili, na nilitaka kujua kwa kanuni gani. Hakukuwa na kanuni. Aliyemchekesha alipata mbili.

Ijumaa Maman akaja. Nilikuwa nimemsubiri kwa hamu, maana kwake yeye faida ilikuwa kubwa: kwa kilo ishirini na tano, kila kilo ikipungua faranga mia moja hamsini na tano, angebaki na karibu elfu nne. Nilikuwa nimemwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi safi.

Aliisoma. Alisoma na kibao pia. Sikumwona akifurahi.

"Umeandika hii muzuri," akasema. "Mama yako hakujua kuandika hivi."

"Asante, Maman. Nikupimie?"

"Ngoja kwanza, mutoto yangu. Nitarudia."

Akaenda kusalimia ng'ambo. Salamu ilikuwa ndefu. Nilisikia jirani yangu akisema, "Maman, leo nikuuzie mimi, umwonee huruma dada, amechoka kuandika," na Maman akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye meza yetu. Jirani yangu akapima kilo ishirini na tano, kisha akachukua kopo lake, kopo la maziwa lililobonyea upande mmoja, akalijaza na kulimwaga, akalijaza tena na kulimwaga, na tena. Maman akapokea risiti ya kilo ishirini na tano, akafunga gunia lake, akageuka kunitazama, akaniambia, "Mwana, tutaonana," kwa upole. Laiti asingekuwa mpole.

Jumanne akanunua kwa jirani. Ijumaa pia. Siku hiyo nilimsikia akimwita *mutoto yangu*.

Nilikuwa naishi na tantine, mdogo wake Mama, karibu na njia ya Nyakarenzo. Jumapili moja baada ya misa niliingia jikoni nikakuta mfuko wa unga juu ya kabati, na haukuwa wangu. Mimi hufunga mafundo mawili. Ule ulikuwa na fundo moja, kama afungavyo jirani yangu.

"Umenunua kwake," nikasema.

Tantine alikuwa anamenya ndizi. Hakugeuka. "Nilipita tu."

"Kwangu ni mia nane arobaini na tano, tantine. Kwangu ungepata bure."

"Kwako ningepata somo," akasema. "Na mimi nilitaka bunga."

Alipotoka kwenda kuchota maji niliuchukua ule mfuko nikauweka kwenye mizani ya nyumbani. Kilo moja na gramu tisini na tano. Nilipima mara nne. Ili mteja arudishiwe kodi yote kwa unga badala ya fedha, kila kilo inapaswa kuongezewa gramu mia na themanini. Jirani yangu alitoa tisini na tano. Nusu ya kodi alitoa kwa mkono mbele za watu, na nusu nyingine alibaki nayo, na soko zima lilimwita mwenye roho. Niliandika: 1,095. Pembeni nikaandika 1,180, na chini yake nikapiga mistari miwili. 

Siku tisa nilitafuta mahali penye sheria. Nilimwomba mwalimu yule aliyenisifu anitafutie tangazo lenyewe, akanichapishia kurasa mbili. Nilizisoma neno kwa neno. Ilisemwa kwamba kodi imeondolewa kwenye unga wa mahindi. Hapakusemwa popote kwamba mwenye meza ashushe kiasi gani, kwa fedha au kwa konzi. Nilirudia kusoma nikidhani Kifaransa changu ndicho kibovu. Swali lililonifanya nikose usingizi mchana, nikiwa nimekaa nimefumbua macho mbele ya magunia, lilikuwa hili: kodi ikiondoka, ni ya nani? Aliyekuwa akiitoa mfukoni ni mteja. Aliyekuwa akiipeleka serikalini ni mwenye meza. Ikibaki njiani, nani ana haki ya kuinama kuiokota? Niliuliza swali hilo kwa unyofu, hilo nalisimamia. Lakini sikuliuliza hata mara moja juu ya mfanyabiashara mwingine yeyote pale sokoni, na walikuwepo ambao hawakushusha hata faranga wala kutoa hata konzi. Nililiuliza juu yake tu.

Kisha wakaja wakaguzi, mwanamume na mwanamke, wakipita meza kwa meza kuangalia kama bei imeshuka. Walifika kwangu kwanza. Mwanamke alisoma kibao, akaangalia risiti, akasema kwa Kinyarwanda kwamba laiti meza zote zingekuwa hivi. Nilijibu asante. Nilikuwa nimeingojea sentensi hiyo maisha yangu yote na ilipita upesi sana.

Walivuka kijia.

"Kilo ni bei gani?"

"Elfu moja," akasema jirani yangu, "na matabishi ya redio."

Mwanamume alicheka. Mwanamke hakucheka, lakini pia hakuonekana kukasirika. Waliongea kidogo baina yao. Nilimsikia mwanamume akisema kwamba mteja akipata zaidi kwa bei ile ile, hiyo nayo ni kushuka. Walikuwa wanaondoka. Walishageuza migongo.

"Ipimeni," nikasema.

Sikusema kwa nguvu. Nilitamani wasisikie na nilitamani wasikie. Mwanamke alirudi. Nikatoa karatasi kwenye aproni, nikaikunjua mikunjo yote minne, nikamweleza: mia na themanini, tisini na tano, nusu. Nilieleza vizuri. Naweza kusema sijawahi kueleza kitu vizuri vile. Waliomba jirani yangu apime konzi yake, akaipima, safari hii ikatoka themanini na nane, kwa sababu mkono haukuwa na raha. Hawakumtoza faini. Walimwambia aandike bei iliyoshuka, ionekane, na aache mambo ya konzi, na kwamba wangepita tena. Wakaendelea na meza nyingine.

 Nilishika kitambaa nikaanza kufuta sahani iliyokuwa safi.

Jirani yangu alivuka. Alisimama mbele ya meza yangu, na kwa karibu nikaona kwamba ana kovu dogo juu ya kidole gumba, la wembe au la gunia.

"Dada," akasema, "nikopeshe hiyo kalamu yako nene. Mimi sina."

Nilimpa. Nikampa na kipande cha katoni, hakukiomba. Aliandika pale pale kwenye meza yangu, akiegemea, herufi zikipanda kama mlima: 850. Akanirudishia kalamu, kifuniko kikiwa kimefungwa. Ningependa kuandika kwamba nilijuta wakati huo. Nilichofikiri ni kwamba yake imenizidi faranga tano.

Jumanne iliyofuata Maman alikuja moja kwa moja kwangu. Nilishinda, nikajiambia. Nilipima kilo ishirini na tano, kilo tanotano, nikimwonyesha sindano kila mara. Alinilipa. Nikachapa risiti. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda.

"Unaijua hii karatasi inaenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani kwako, Maman."

"Inaenda kwa mwenye restora kule Bukavu. Yeye njo ananunua yote. Kila mara anasema, nionyeshe risiti ya Kamembe, nisije nikaibiwa. Risiti ikiandika elfu, ananilipa juu ya elfu. Ile kopo tatu ya mwenzako, risiti haikuandika. Ile ilikuwa yangu. Ilikuwa moto ya kushuka, na mukate ya batoto, na siku ingine kidogo ya kuweka." Aliikunja risiti. "Ijumaa alipata risiti ya mia nane na hamsini. Akasema, Maman, miaka yote hii ulikuwa unaniibia? Sasa ananilipa juu ya hiyo. Na kopo hakuna. Bamekataza."

Sikuwa nimefikiria mkahawa wowote, hiyo restora yake. Katika hesabu zangu zote unga uliishia kwa Maman, kama vile baada yake kulikuwa na ziwa tu.

"Lakini kodi imeondoka," nikasema. "Na yeye mwenye restora ni mteja. Ilitakiwa bei ishuke mpaka kwake."

"Kwani ile kodi ilikuwa ya batu ba Bukavu?" Alinitazama kama anayeuliza kweli. "Wao hawakuilipa kwa mutu. Miye niliilipa, miaka yote, hapa, kwa mama yako na kwako. Siku inaondoka, kila mutu anataka ipite kwangu iende mbele. Miye ni daraja?"

Nilitafuta kosa katika maneno yake. Lilikuwepo, maana ile elfu moja yote ilikuwa ikilipwa na restora, na faida juu yake. Ningeweza kulionyesha kwa mistari mitatu. Kalamu ilikuwa pale.

"Ni mimi niliyewaambia wakaguzi," nikasema badala yake. "Nilipima unga wake nyumbani. Nilikuwa na wivu, Maman. Wewe ulihamia kwake."

"Najua. Soko nzima inajua." Hakuwa na hasira, au alikuwa amechoka kuibeba. "Nafikiri nitaacha bunga. Nitachukua nyanya. Nyanya haina risiti."

Akainamia mzigo. Niliona shingo yake, na alama ambayo kamba imemwachia kwenye paji la uso, laini na yenye kung'aa kama mahali pa kiraka. Niliona meza ikibaki mbao.

"Usifunge," nikasema.

Nilitia mkono kwenye gunia nikautoa. Mkono wangu ni mdogo, na unga ni kitu kinachotoroka kati ya vidole. Kilichofika kwenye mzigo wake kingetosha uji wa kikombe kimoja. Maman alikitazama, akaushika mdomo wa gunia lake na kuupanua zaidi.

"Tia."

Nilitia tena, na tena. Aproni yangu ilikuwa nyeupe, sahani ya mizani nyeupe, mishono ya magunia yangu imepinda. Najua idadi, nisidanganye: zilikuwa konzi kumi na moja, nilizihesabu, na nilijua pia kwamba zote hazijafika hata kopo moja la jirani yangu. Wakaguzi walikuwa wamekataza. Niliangalia kijia pande zote mbili kama mwizi.

"Dada." Jirani yangu alikuwa ng'ambo, ameegemea magunia, mikono imekunjwa. Sijui alikuwa ametazama tangu lini. "Kwa mkono huo Maman atalala hapa."

Maman alicheka kwanza. Ni kicheko kile kile kilichoniumiza wiki zile.

Jirani yangu alichukua kopo lake lililobonyea, akalirusha. Lilivuka kijia juu ya kichwa cha mtu aliyebeba vitunguu, na mimi, ambaye sijawahi kudaka kitu maishani, nikalidaka kwa kifua. Lilikuwa na joto la mkono wake. Ubonyeo ule wa pembeni, ambao siku zote nilidhani ni uchafu wa mtu asiyejali vyombo vyake, ndipo kidole gumba kinapokaa. Changu hakikufika vizuri. Nilijaza, nikamwaga. Nilijaza mara mbili nyingine. Maman akafunga, akajitwika, akateremka bila kusema kama atarudi.

Nilivuka kurudisha kopo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yaliyopangwa, yasiyo na kosa.

"Lifute kwanza," akasema. "Wewe si unapenda kufuta?"

Nikalifuta. Maneno yangu sikuyasema siku hiyo, na nilipokuja kuyasema, miezi baadaye, alidai ameshasahau ni juu ya nini. Alikuwa anadanganya.

Ijumaa Maman alikuja. Alisimama katikati ya kijia, akatutazama wote wawili na vibao vyetu, changu kilichonyooka na chake kinachopanda, akasema kwamba yeye sasa ni muzee na hataki kesi. Akagawa. Tangu siku hiyo anagawa kila Jumanne na kila Ijumaa, na kila mmoja wetu anamwongezea bila risiti, mimi kwa kopo langu jipya nililolibonyeza mwenyewe kwa jiwe. Ishirini na tano haigawanyiki kwa mbili. Kilo kumi na tatu anachukua kwa jirani yangu, na kumi na mbili kwangu.

Sijawahi kumuuliza kwa nini kumi na tatu haziji huku. Ninazihesabu tu, nikiwa nimeinama, nafuta mizani.